Dakika Arobaini kwa Mtungi Mmoja

Sura ya Tisa

"Leo utashuka na Salvator," Hugues aliniambia bila kuniangalia.

Alikuwa amechuchumaa kwenye gati anakaza mkanda wa jaketi lake la hewa, mkanda ambao ulikuwa umekazwa tayari. Aliulegeza, akaukaza tena. Mimi nilisimama mbele yake, vazi la mpira la kuzamia limenifika kiunoni, jasho linanitiririka mgongoni, na mguu wangu wa kulia unatikisika wenyewe kama kawaida yake. Mama husema nilizaliwa wiki tatu kabla ya tarehe yangu kwa sababu sikuweza kusubiri, na tangu siku hiyo hajaniona nimetulia.

"Salvator? Ju ya nini?"

"Mi ndiye chef, mkubwa wa wazamiaji. Nimeamua hivyo."

"Miezi mine uko unanifundisha we. Leo, siku ya examen, unanitupa kwa mutu mwingine?"

"Sikutupi, Amélie."

"Unanitupa. Niangalie mu macho uniambie."

Hakuniangalia. Aliinuka, akachukua mapezi yake ya miguuni, akaenda nayo mwisho wa gati kana kwamba kule kulikuwa na mtu anayemsubiri. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ziwa tu, na ng'ambo milima ya Kongo imefichwa na ukungu. Nilitamani kumrushia kiatu.

Niseme kwanza nilikuwa pale kwa kazi gani. Kituo chetu, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, kinakamata samaki wadogo wa mapambo, wale wenye mistari na rangi wanaokaa kwenye mawe ya Tanganyika. Wanasafirishwa kwa ndege wakiwa hai, wanakwenda kuishi kwenye masanduku ya kioo ya watu wa mbali. Hawavuliwi kwa ndoana. Mtu anazama mita kumi na tano na wavu mdogo mkononi, anawaswaga mmoja mmoja kwa upole. Wazamiaji wote sita wa kituo walikuwa wanaume. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu samaki, mpaka nikachoka kuhesabu walioletwa na wengine, nikaomba nifundishwe.

Sharti la patronne wetu, mwenye kituo, Madame Ingrid, lilikuwa moja: dakika arobaini chini ya maji, mita kumi na tano, kwa mtungi mmoja wa hewa. Mtungi una kipimo chenye sindano, tunakiita manometa. Sindano ikiwa kwenye mia mbili, mtungi umejaa. Ikifika hamsini inaingia kwenye rangi nyekundu, na hiyo hamsini si yako, ni ya dharura. Mwanafunzi akitoka majini na hamsini au zaidi, amefaulu. Mimi nilikuwa nimeshindwa mara mbili, na si kwa woga. Nilikula hewa kama mtu aliyealikwa harusini akaona Fanta ni za bure.

Mtihani wa tatu ndio wa mwisho, na safari hii lilikuwepo neno la baba juu yake.

Baba yangu, mzee Népomuscène, alisoma mita za maji za mji huu miaka thelathini na moja, nyumba kwa nyumba, kutoka Cibitoke mpaka Musaga, na mpaka leo haamini kitu ambacho hakijaoneshwa na sindano. Alhamisi jioni, nyumbani kwetu Ngagara, aliweka uma chini katikati ya chakula.

"Amélie. Ukishinda Jumamosi, sitasema tena. Ukianguka, Jumatatu unapanda gari ya Gitega. Tante Elsa anakungoja mu pharmacie yake."

"Papa, Gitega nitafanya nini?"

"Utauza dawa. Utakaa ku kiti kama mutu. Mule mu maji kuna viboko."

"Viboko wako kule ku mto, papa. Ku mawe hawafikaki."

"Na yule kijana wa Musaga? Yeye anafikaka?"

Mama akajifanya anatafuta chumvi. Mimi nikatazama sahani yangu, maana kijana wa Musaga ni Hugues.

"Sikia mutoto wangu," baba akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mutu wa kuzama si mutu wa kuoa. Asubuhi anakuaga, jioni watu wanamutafuta na taa. Sitaki umungojee mutu ku ufuko maisha yote. Na Jumamosi ntakuja mwenyewe. Ntasoma hiyo sindano na macho yangu."

Baba akisema, amesema. Gitega si mwisho wa dunia, najua, kuna watu wanaishi kule na wananenepa. Lakini kule hakuna ziwa na hakuna Hugues, na mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuweza tena kutenganisha vitu hivyo viwili.

Ndiyo, nilimpenda. Naandika wazi kwa sababu wakati ule nilikuwa nimechoka kuficha, ingawa yeye hakuwahi kunitamkia neno. Wiki tatu nyuma mvua ilitukuta tumetoka majini, tukajibanza chini ya kibati cha mashine ya kujazia mitungi. Alinishika mkono. Hakuushika kama mwalimu. Aliushika mpaka mvua ikapungua, na mimi nasubiri neno, moyo unagonga, mguu unatikisika. Mwishoni alisema, "Muzee wako hawezi kunitaka," akauachia. Tangu siku hiyo alinisemesha kama mtu anayesoma tangazo.

Na kulikuwa na lile daftari. Kila mtu akitoka majini hutaja namba ya manometa yake kwa sauti, nayo inaandikwa pamoja na dakika alizokaa. Nikishuka na Salvator, hewa yangu ilifika dakika arobaini na moja. Nikishuka na Hugues, dakika ishirini na nane. Maji yale yale, mita zile zile, mapafu haya haya. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wao hawakuwahi kuona manometa.

Kwa hiyo aliponitupia Salvator asubuhi ile, nilielewa jambo moja tu. Amesoma daftari. Ameelewa. Hanitaki, na ameona aibu kwa niaba yangu.

Nikamfuata mwisho wa gati. Kwa nini nimfuate? Kwa sababu kukaa kimya sikujaliwa.

"Kama mi nakuchosha, ungesema."

"Sijasema unanichosha."

"Basi sema ulichosema."

"Na Salvator unakula hewa kidogo. Si unataka kushinda? Shinda."

"Na we unataka nishinde?"

Hapo akageuka nusu. Nilimwona shavu likicheza. "Mi nataka ubaki Buja," akasema, akanyamaza ghafla kama mtu aliyetoa siri ya ofisi, kisha akaongeza haraka, "Kituo kinahitaji watu."

Kituo kinahitaji watu! Nilicheka kicheko kibaya, nikarudi kwenye kivuli kuvaa. Hapo hapo Salvator akatoka chooni, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, pua inachuruzika, kitambaa mkononi.

"Mi leo sishuki," akasema kwa sauti ya puani. "Grippe imenishika. Masikio yamefunga. Nikishuka mita tatu yatapasuka."

Madame Ingrid alitoka ofisini na saa yake kubwa mkononi. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na sijawahi kumwona akirudia amri.

"Bon. Hugues, utashuka na yeye."

"Patronne, tungeweza kungoja Jumatatu..."

"Lundi kuna ndege ya samaki. Ni leo. Salvator atashika daftari." Akamtazama chef wake kuanzia miguuni. "Iko shida?"

"Apana, patronne," Hugues akasema.

Baba naye akawa amefika. Kazi za jumuiya za Jumamosi, ambazo husimamisha magari, zilikuwa zimekwisha tu, na sijui alipata wapi gari mapema vile. Alivaa koti lake la kazini la zamani, kofia, na miwani imening'inia kwenye kamba. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, hata Hugues. Kwa Hugues mkono wake ulikuwa mfupi.

"Ni we mwalimu?"

"Ndiyo, muzee."

"Mita kumi na tano?"

"Ndiyo, muzee."

"Haya," baba akasema, akaenda kusimama kivulini.

Hugues akaja kunikagua. Ni kazi ya mwalimu, lazima aguse kila mkanda, na mimi nilitazama juu ya bega lake ili nisiyatazame macho yake. Akaunyanyua mkanda wangu wa vyuma vya uzito.

"Kilo ngapi?"

"Mnane."

"Toa mbili."

"Nitaelea."

"Hutaelea. Uko unabeba vyuma vingi, halafu unajaza hewa mu jaketi ju ya kuvinyanyua, halafu unapiga miguu kwa nguvu ju ya kusukuma huo mzigo wote. Kazi tatu za bure, na zote zinalipwa na mutungi." Akatoa vyuma viwili, akaviweka kando. "Mikono?"

"Naifunga ku kifua. Siogelei nayo."

"Miguu?"

"Pole pole, kama chura muzee."

Zamani tungecheka hapo. Chura mzee ilikuwa ya kwake.

"Pumzi?"

"Naingiza kwa nne, natoa kwa nane. Sibani."

"Ukibana?"

"Kichwa kinauma, na nikiachia nakula mara mbili."

"Vizuri," akasema. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mkanda wangu wa bega. Ulikaa pale kidogo kupita kazi yake, kisha ukaondoka.

Tukaingia majini saa tano na dakika kumi na nne. Salvator alitaja saa kwa sauti, akaandika.

Kule chini hakuna maneno, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu. Unasikia pumzi yako tu. Nilishuka nikifuata kamba, nikabana pua nikapuliza masikio yafunguke, nikatoa hewa kwenye jaketi kidogo kidogo. Vyuma vilikuwa vimepungua na kweli sikuelea. Mawe yakatokea chini yangu, makubwa, yamepangana, na samaki wa manjano wakitoka na kuingia kwenye nyufa. Kwa nne. Kwa nane. Nikafunga mikono kifuani. Hugues alikuwa kulia kwangu, hatua mbili, na sikumtazama.

Dakika kumi za kwanza nilijisifu. Nilikuwa na hasira naye, na hasira, niwaambie ukweli, ilinisaidia kutomfikiria. Halafu samaki mmoja mwenye mistari ya buluu akapita mbele ya maski yangu, mzuri kupita kiasi, nikasahau kwamba tumegombana. Nikageuka kumwonesha Hugues.

Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama samaki, wala mawe, wala saa. Alipoona nimemwona, akageuza kichwa haraka, na mapovu yakamtoka mengi kwa pamoja.

Moyo wangu ukaanza fujo zake. Nikaingiza hewa kwa mbili, nikatoa kwa tatu. Nikajitukana. Amélie, Gitega! Amélie, kiti cha pharmacie! Dakika ya ishirini na mbili akanipa ishara ya kawaida, vidole viwili juu ya kiganja: una hewa ngapi? Nikasoma manometa yangu, nikamjibu kwa vidole: mia na kumi na nane. Akaitikia kwa kichwa kuwa ni sawa, lakini wote wawili tulijua hesabu. Kwa mwendo ule nisingetoka na hamsini.

Sijui ni shetani gani aliyenituma kufanya nililofanya baadaye. Miezi minne yeye ndiye aliyeuliza, mimi najibu. Mwanafunzi hamwulizi chef. Siku ile, kwa ukaidi tu, nikaweka vidole viwili kwenye kiganja changu, nikamnyooshea: na wewe je?

Hugues akasita. Akanionesha: mia na thelathini.

Hakuisoma sindano yake. Alitaja tu. Mtu ambaye hadanganyi huangalia kwanza, hiyo ni elimu ya baba yangu. Nikapiga miguu mara moja, nikamfikia, nikaushika mpira wa manometa yake kabla hajauficha, nikaugeuza.

Mia moja kamili.

Nilisoma mara ya pili, na ya tatu. Mia moja. Chef wa wazamiaji, mtu wa miaka tisa majini, alikuwa na hewa kidogo kuliko mimi, mimi niliyeitwa na kituo kizima Mama Fanta. Kwenye daftari kila tulipotoka pamoja Hugues hutaja tisini, na Salvator huandika tisini bila kuinua kichwa, kwa sababu nani amwulize chef? Na tisini hiyo haikuwa ya kweli hata siku moja. Nikamtazama. Nyuma ya kioo cha maski macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa, na yalikuwa pia ya mtu aliyechoka kukimbia.

Naye pia, basi. Naye pia, kila siku, kando yangu, moyo unamwenda mbio, na anaumeza, na akifika juu anasema tisini.

Furaha niliyoipata mita kumi na tano chini ya ziwa sijui niieleze vipi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumkumbatia pamoja na mtungi wake. Na mwili wangu mjinga ukaanza kusherehekea kwa njia yake: kwa mbili, kwa mbili, kwa moja, na sindano ikashuka mbele ya macho yangu.

Hapo akili ikanirudia. Sheria ya kituo ni kwamba yeyote akifika hamsini, wote wawili wanapanda juu, mtihani umekwisha. Zilibaki dakika kumi na nane. Kwa jinsi Hugues alivyokuwa anavuta, angefika hamsini kabla ya dakika kumi na mbili. Si mimi nitakayejiangusha leo. Ni yeye. Na alilijua, kwa sababu macho yalimtoka, na kadiri alivyojua ndivyo alivyovuta zaidi. Mapovu yalimzunguka uso mzima.

Kwa hiyo nikafanya ambacho sijawahi kukifanya maishani mwangu. Nikatulia.

Nikamshika mikono yote miwili, nikamvuta mpaka kwenye mchanga kati ya mawe mawili, tukapiga magoti. Sheria ya patronne inataja dakika na mita, haitaji kuogelea. Nikamwonesha ishara aliyonionesha yeye mara elfu: kiganja kinashuka taratibu, pole, pole. Akatikisa kichwa kukataa. Nikaweka kiganja changu kifuani pake, juu ya mpira, na kwa mkono mwingine nikahesabu vidole mbele ya maski yake. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha toa. Moja, mbili, mpaka nane. Mara ya kwanza alishindwa kwenye tano, akavuta kama mtu aliyepanda kilima. Nikaanza upya. Mara ya pili akafika sita. Nikaanza upya. Nilisikia kifua chake kikipanda chini ya mkono wangu, na nikakilazimisha changu kipande pamoja nacho, kisikitangulie.

Mwalimu anafundishwa na mwanafunzi wake, na mwanafunzi mwenyewe ni mimi! Mama angeona asingeamini.

Dakika ya thelathini mapovu yetu yalikuwa yanatoka pamoja, machache, yanapanda mstari mmoja. Hakugeuza macho tena. Alinitazama na mimi nikamtazama, bila haraka, kitu ambacho juu, kwenye hewa ya bure, hatukuwahi kuthubutu. Samaki wa manjano walizoea, wakaja kudonoa mchanga karibu na magoti yetu. Niliogopa dakika zitaisha, na niliogopa hazitafika arobaini. Alinikunja vidole ndani ya vyake, polepole, kimoja kimoja. Sindano yangu ilishuka kidogo, ikatulia.

Dakika ya arobaini: mimi sitini na sita, yeye hamsini na tatu. Nikamwonesha juu.

Tulipanda kwa kamba, tukasimama mita tano dakika tatu kama inavyotakiwa, bado tumeshikana mkono. Vichwa vilipotoka majini tulikuwa chini ya ngazi ya gati, na sauti za watu zikawa juu yetu. Nikatoa kipumulio mdomoni. Nikasoma yangu: hamsini na saba. Nikasoma yake: arobaini na sita.

"Sema tisini," nikamnong'oneza.

"Amélie."

"Sema tisini kama siku zote, nakuomba. Papa yuko pale juu. Patronne atakutoa ku kazi. Nani atajua?"

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Nimesema tisini mara kumi na moja," akaniambia taratibu. "Mara hizo zote, kama hewa yako ingekwisha, ungekuja kuchukua kwangu. Na kwangu haingekuwepo. Unaelewa? Ndiyo maana asubuhi nilikupa Salvator. Sikuwa nakutupa. Nilikuwa naogopa."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia nini? Ningesema kwamba nikikuona nashindwa kupumua?"

Nilikuwa nimemlaani asubuhi nzima, na yeye asubuhi nzima alikuwa ananilinda dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Nililia, na kwa bahati nilikuwa nimelowa tayari.

"Tunangoja namba!" Salvator akapaza sauti.

Tukapanda. Baba alikuwa mbele ya wote, ameshavaa miwani. Hakungoja nitaje, akaushika mpira wa manometa yangu, akaisogeza karibu na jicho kama alivyosogeza mita za watu miaka yote ile.

"Hamsini na saba," akasoma. Sauti yake haikuwa ya furaha wala ya hasira. "Andika."

Salvator akaandika. "Chef? Tisini?"

Nilimtazama Hugues. Kweli nilitamani aitikie kwa kichwa tu.

"Arobaini na sita," Hugues akasema.

Kalamu ya Salvator ikasimama. Madame Ingrid akashusha saa yake.

"Rudia."

"Arobaini na sita, patronne. Na zile tisini za nyuma si za kweli. Nikishuka na Amélie natokaka na hamsini, hamsini na tano. Niliandikisha uongo. Mara kumi na moja."

Baba akaiacha manometa yangu, akaishika ya Hugues, akaisoma, akamgeukia.

"We ni mwalimu. Miaka ngapi mu maji?"

"Tisa, muzee."

"Na unatoka na kidogo kuliko mutoto wangu wa miezi mine. Ju ya nini?"

Hugues aliweka mapezi yake chini. Kisha akanyoosha mgongo.

"Ju yuko pembeni yangu, muzee. Na mutu mwingine natoka na tisini. Na yeye siwezi. Nimejaribu."

Salvator akapiga chafya. Baba akabadilika uso, na nikaona hasira ya kweli, ile ambayo haipigi kelele.

"Na hewa ingemwishia kule chini? Ungempa nini? Mapenzi?"

"Nisingekuwa na kitu cha kumpa, muzee. Ndiyo kosa langu. Sina la kujitetea."

"Voilà," Madame Ingrid akakata. "Nasema mara moja. Examen ilikuwa ya Amélie, namba ni yake. Hamsini na saba, dakika arobaini. Umepita. Hugues, kuanzia leo we si chef. Chef ni Salvator. Miezi mitatu utashuka nyuma yake kama mwanafunzi. Na nyinyi wawili," akanyoosha kidole kwangu, kisha kwake, "hamtashuka tena pamoja. Si miezi mitatu. Hamtashuka tena. Mutu anayepoteza pumzi akikuona hawezi kukulindia hewa." Akarudi ofisini na saa yake.

Nimefaulu, nikajiambia, na neno halikuingia. Nilikuwa nimepata ziwa, na siku hiyo hiyo nikanyang'anywa zile dakika kumi na nane za kwenye mchanga zisirudi tena. Nilimtazama Hugues amesimama pale bila cheo, maji yanadondoka kwenye mbao, na nikampenda kwa namna iliyoniuma. Nikaenda kusimama kando yake. Sikumwuliza mtu ruhusa.

"Papa," nikasema, "mi pia. Na Salvator nafika arobaini na moja. Na yeye ishirini na nane. Soma daftari."

Baba akachukua daftari kutoka kwa Salvator. Alisoma ukurasa mzima kwa kidole, akafungua wa nyuma, akasoma na huo. Alichukua muda mrefu. Mguu wangu ulitikisika nikauacha.

"Miaka thelathini na moja," akasema mwishoni, akiwa bado anatazama karatasi, "nimeona watu wanafunika mita na gunia. Nimeona wanairudisha nyuma na sumaku. Sijaona mutu anajisemea namba mbaya yeye mwenyewe, mbele ya patronne wake." Akafunga daftari. "Ni ujinga."

"Ndiyo, muzee," Hugues akasema.

"Ningekuwa we, ningesema tisini."

"Muzee, nilikuwa nataka kuomba..."

"Ngoja." Baba aliinua mkono. "Uko miguu wazi, umevaa mpira kama tairi, makamasi yanakutoka. Mutu anakuja kuomba kitu kwa watu akiwa vile?" Akavua miwani, akaiachia ining'inie kwenye kamba. "Nenda uvae shati. Halafu urudi uniambie mama yako anaitwa nani, na Jumapili gani anaweza kufika kwangu Ngagara."